Gari la dizeli hukatika nguvu mlimani: je, turbo imekufa?

SWALI: Ninaishi Mwanga, Kigoma Mjini, na ninamiliki gari la dizeli lenye turbo. Nikipanda kuelekea Kasulu nikiwa na mzigo, nguvu hukatika ghafla, taa ya injini huwaka, na gari halichanganyi hata nikikanyaga mafuta hadi mwisho. Nikizima na kuwasha upya, hurudi katika hali yake. Fundi alipima kwa mashine akapata msimbo P0299, akaniambia turbo imekufa. Je, ninunue nyingine?

JIBU: Usinunue bado, ndugu msomaji. P0299 inasema tu kwamba shinikizo la hewa ambayo turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini, inaisukuma kwenye injini limekuwa dogo kuliko lile lililoagizwa na kompyuta ya gari. Haisemi limepungulia wapi. Tofauti hiyo ikidumu, kompyuta hupunguza mafuta ili kuilinda injini, na katika magari mengi kizuizi hicho huondoka ukizima swichi, ingawa hitilafu imebaki palepale. Turbo iliyokatika shafti (mhimili unaoshika feni) isingekurudishia nguvu zote kwa kuzima na kuwasha.

Fundi aanze na sensa ya shinikizo, aisome swichi ikiwa imewashwa na injini haijawaka; hapo huonyesha shinikizo la hewa ya nje tu, ambalo hupungua kadiri unavyopanda juu. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hapo mjini sensa inapaswa kuonyesha karibu milibari 920, na Tabora, ambako ni juu zaidi, karibu 880. Fundi aliyezoea namba za Dar es Salaam, ambazo hukaribia 1,013, anaweza kuilaumu bure sensa isiyo na hitilafu.

Sensa ikiwa sawa, akague paipu zote kutoka turbo hadi intakula (kipozea hewa ya turbo) na kutoka intakula hadi injini. Ufa mdogo hujifunga gari likiwa sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na kufunguka shinikizo linapopanda, yaani mlimani hasa; dalili zake ni moshi mweusi, mluzi wa hewa na utando wa oili kwenye maungio.

Kama turbo yako huendeshwa kwa vakyumu (nguvu ya kunyonya hewa), vipira vyake vyembamba ndivyo ninavyovishuku kuliko kitu kingine, kwa kuwa joto huvikausha vikapasuka. Katika mifumo mingi ya aina hiyo, vakyumu ikivuja, vibao vinavyoelekeza moshi ndani ya turbo hubaki wazi na shinikizo halipandi. Fundi afunge pampu ndogo ya mkono ya kunyonya hewa kwenye aktueta, kifaa kinachovisogeza vibao hivyo: fimbo yake inapaswa kuvutika taratibu bila kukwama, na kubaki hapo bila kurudi yenyewe. Ikikwamakwama, huenda masizi yamevishika vibao, jambo la kawaida kwa gari linalozunguka polepole mjini. Vikigandia upande wa kufunga, msimbo huwa P0234, wa shinikizo kuzidi.

Baada ya hapo mpande mlima pamoja, mashine ikiwa imeunganishwa, mmoja akiendesha na mwingine akilinganisha shinikizo lililoagizwa na lililopatikana. Turbo yenyewe ihukumiwe mwisho, ikiwa shafti inacheza kiasi cha feni kugusa ukuta wake, au feni imelika. Hata hapo, paipu ya oili inayoilisha ichunguzwe kabla ya kufunga mpya, kwa sababu ikiwa imeziba, turbo mpya nayo itakufa.