Maswali ya Wasomaji: Prosesa Yala Stima Kiasi Gani?

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Nina duka la kuhariri video za harusi, kompyuta ni ya Intel na natumia Ubuntu. Tokeni zaisha mbio, nami nataka kujua kila video yala stima kiasi gani. Kwa perf, chombo cha Linux cha kupimia utendaji, nimeandika `perf stat -e power/energy-pkg/ ./video.sh`, lakini mahali pa namba pamekuja `<not supported>`. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Mwembe Tayari*

JIBU: Waaleikum salaam. Kilichokosekana ni `-a`, yaani pima mashine nzima. Kihesabu cha nishati ni kimoja kwa chipu nzima na hakijui programu ipi imetumia nini, kwa hiyo perf haiwezi kukifunga kwenye kazi moja. Andika hivi:

`sudo perf stat -a -r 5 -e power/energy-pkg/ sudo -u $USER ./video.sh`

`sudo` ya kwanza huipa perf mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Usiiache hiyo ya pili, `sudo -u $USER`, inayorudisha kazi kwenye akaunti yako. Bila yake video zitatoka zikiwa mali ya msimamizi wa mfumo, na baadaye utashindwa kuzibadilisha kwa akaunti yako. `-r 5` hurudia kazi mara tano, ikakupa wastani na asilimia ya tofauti. Kama ndani ya `video.sh` mna ffmpeg (programu ya kubadilisha video), iongeze `-y`. La sivyo, mara ya pili itasimama kukuuliza kama ifute faili la kwanza, na wakati imekungoja kihesabu kinazidi kupanda.

Kabla ya kazi yenyewe, funga kivinjari na upime mashine ikiwa imekaa bure: amri ni ileile, ila mwishoni weka `sleep 60`. Tuseme umepata jouli 240 (jouli ni kipimo cha nishati; wati moja ni jouli moja kwa sekunde). Gawanya kwa sekunde 60: wati 4. Kisha video ikatumia jouli 10,500 kwa sekunde 300, yaani wati 35. Toa 4 × 300, zibaki jouli 9,300. Huo ndio mzigo wa video yenyewe. Tazama jouli, usiridhike na wati: mpangilio unaopandisha wati lakini ukamaliza kazi upesi huweza kutumia jouli chache kuliko ule wa polepole.

Joto la Mombasa nalo lina neno hapa. Chipu ikipata moto huvujisha mkondo zaidi, hivyo kazi ileile hugharimu jouli zaidi mchana wa Machi kuliko alfajiri. Endesha kazi mara moja bila kupima ili mashine ipate joto lake la kawaida, halafu linganisha vipimo vya saa zinazokaribiana, feni ya chumba ikiwa katika kasi ileile.

Sasa kuhusu tokeni. Uniti moja ni jouli 3,600,000. Prosesa ya wati 35 ikifanya kazi saa 8 hutumia uniti 0.28, feni ya dari ya wati 75 kwa saa hizohizo hula 0.6. Ikiwa vipimo vyako vitakaribia mfano huu, anayekumalizia tokeni si prosesa. Angalia friji na kiyoyozi kwanza.

SWALI: Mimi situmii perf, nasoma faili la kihesabu cha nishati, `/sys/class/powercap/intel-rapl:0/energy_uj`, kila baada ya saa mbili. Mara nyingine nikitoa kipimo cha awali katika kipya napata hasi. Tena yataka sudo. Je, niifungue kwa wote?
*Msomaji, Likoni*

JIBU: Kihesabu hicho kikifika ukomo hurudi sifuri. Ukomo wake umeandikwa katika faili la jirani, `max_energy_range_uj`. Kwenye mashine nyingi ni kama jouli 262,143. Kwa wati 65 hujaa baada ya dakika 67 hivi. Kwenye nyingine ni kama 65,500, ambazo huisha kwa dakika 17. Ukingoja saa mbili kinaweza kuzunguka zaidi ya mara moja, na hapo hakuna hesabu itakayokuokoa. Soma kila dakika 5, na kipimo kipya kikiwa kidogo kuliko cha awali, ongeza ukomo huo. Perf hufanya hivyo yenyewe, ndiyo maana tunaipendelea.

Usifungue ruhusa, hasa kwenye mashine inayotumiwa na wateja. Mwaka 2020 watafiti walionyesha shambulio lililopewa jina PLATYPUS: programu isiyo na mamlaka yoyote ilisoma kihesabu hiki na kubaini siri za usimbaji kutokana na nishati inayotumika. Ndipo Linux ikakifunga kwa wote wasio wasimamizi.

SWALI: Mita ya soketi yaonyesha wati 58 na perf yaniambia 21. Nimwamini nani? Ni laptopu.
*Msomaji, Changamwe*

JIBU: Wote wawili, kila mmoja kwa lake. Perf haioni skrini, diski, feni wala umeme unaopotea kwenye chaja. Kwa bili amini mita; kwa kulinganisha programu mbili amini perf. Lakini hakikisha kwanza betri imejaa, maana ikiwa inachajiwa mita huhesabu na hiyo.

Ukitaka mashine nzima bila mita, chomoa chaja na usome `/sys/class/power_supply/BAT0/power_now`, iliyo kwa mikrowati: gawanya kwa 1,000,000. Kama faili hilo halipo, zidisha `current_now` kwa `voltage_now`, kisha gawanya kwa 1,000,000,000,000. Tulia kama nusu dakika kabla ya kusoma, na usiguse mwangaza wa skrini katikati ya kipimo.