Flashi ni ya kuazima, leseni je?

SWALI: Salaam wataalamu. Laptop yangu ya HP nilinunua mtumba, ikiwa na Windows 10 Home halali. Ilipoanza kugoma niliazima flashi ya ofisini kwa binamu yangu, nikapiga Windows upya. Sasa imegeuka Pro, na pembeni mwa skrini kumeandikwa "Activate Windows". Fundi wa mtaani anataka elfu kumi ayaondoe maandishi hayo. Je, kosa langu ni kuazima flashi?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Hapana. Flashi ni chombo cha kubebea tu. Microsoft wenyewe wameweka faili la Windows kwenye tovuti yao, anayetaka apakue, na kwa kuwa faili la Windows 11 linapita GB 5, kuazima ni kuokoa bando. Kinachouzwa ni leseni, na yako huenda bado imo ndani ya laptop: mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye zina ufunguo wa herufi na tarakimu 25 kwenye BIOS, yaani programu ya msingi iliyo kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Ukifomati diski, au hata ukiibadilisha, ufunguo unabaki.

Kilichokukwamisha ni toleo. Ufunguo wa Home hauwashi Pro, yaani hauidhinishi iwe halali. Flashi ya kawaida hubeba yote mawili, ikasoma BIOS na kuchagua Home bila kukuuliza. Ya ofisini yaelekea ni ya leseni za jumla, zile ambazo kampuni hununulia mashine zake, na laptop yako haimo humo.

Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ukitokea ufunguo, unakili. Kisha andika slmgr /dli na usome mstari wa Description. OEM_DM ni leseni ya kiwandani. VOLUME_KMSCLIENT kwenye laptop ya nyumbani maana yake umebeba leseni ya watu.

Kutoka Pro kurudi Home hakuna njia ya kubadili ufunguo tu. Ni kupiga upya. Hamisha mafaili yako kwanza. Tengeneza flashi ya GB 8 au zaidi kwa Media Creation Tool ya Microsoft, washa laptop ukibonyeza Esc kisha F9, uchague flashi. Ukiombwa ufunguo bonyeza "I don't have a product key", halafu chagua Home. Hapo ndipo wengi huteleza, wakaona Pro ni tamu zaidi. Ukiunganisha intaneti, Windows hujiwasha yenyewe.

Amri ikirudi tupu usikate tamaa: kama Home iliwahi kuwashwa kihalali kwenye mashine hiyo, seva za Microsoft huitambua kwa mazabodi yake. Ila ufunguo wa stika ya Windows 7 usiutegemee; mlango huo ulifungwa Septemba 2023.

Na huyo fundi? Kwa kawaida dawa yao ni programu inayojifanya seva ya kampuni ya kuidhinisha leseni za jumla, yenye uhai wa siku 180 kila inapojihuisha, na kabla ya kuiweka atazima kinga yako ya virusi. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na mwenye laptop ni wewe, si yeye. Elfu kumi hiyo nunulia bando. Unapopakua, chagua Windows 11 kama mashine ina TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa inayokubalika, kwani Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Leseni ya Home ya 10 inaiwasha Home ya 11.

SWALI: Mazabodi imeungua, nimefunga nyingine. Leseni itahama?
Msomaji, Muheza

JIBU: Ya kiwandani hufa na mazabodi, isipokuwa mtengenezaji ameibadilisha kwa sababu ya ubovu. Ya kununua dukani kivyake huhama, mradi uiondoe kwenye mashine ya awali. Kisha, ili kuiwasha kwenye mazabodi mpya, ingia kwa akaunti yako ya Microsoft, nenda sehemu ya Activation kwenye Settings, bonyeza Troubleshoot, kisha "I changed hardware on this device recently". Mazabodi ya mtumba nayo huweza kuja na ufunguo wake, kwa hiyo endesha ile amri ya juu kabla hujatoa hela.