Pikapu inakula tairi upande? Lisome tairi kabla ya kulipia alaimenti

Ukifika gereji ukasema pikapu inakula tairi, utajibiwa "alaimenti", yaani kupima na kurekebisha kwa mashine mwelekeo wa matairi, kabla hujamaliza kueleza. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mimi nashusha viazi na kabichi kutoka Lushoto kwa Hilux ya dizeli, na kwa gari la kazi ya namna hii alaimenti naiweka mwisho kabisa. Mashine inaonyesha matairi yameelekea wapi saa ile, gari likiwa tupu na limesimama. Kwa nini yameelekea huko, haisemi. Na kama kuna kiungo kimelegea, vipimo vya asubuhi vitakuwa vimekwisha haribika jioni.

Kwa hiyo usikubali tairi livuliwe kabla hujalitazama pale pale lilipo. Likishavuliwa, liandike kwa chaki: mbele kushoto, nyuma kulia, na upande upi ulikuwa wa ndani. Nimeona watu wakifika kwa fundi na tairi bovu mkononi wasikumbuke lilikuwa wapi, na hapo ushahidi wote umepotea.

Anza na upepo. Tairi lililoliwa katikati huku kingo zikiwa nzima limejazwa kupita kiasi. Lililoliwa kingo zote mbili limekuwa likitembea na upepo mdogo. Hilo wengi wanalijua. Kinachosahaulika ni kwamba pikapu ni magari mawili: likiwa na mzigo na likiwa tupu. Pale pancha wanakujazia manne yote sawasawa, tena kwa kipimo cha mzigo, unashusha mzigo sokoni, kisha unarudi mtupu safari nzima tairi za nyuma zikigusa lami kwa katikati tu. Ukiona za nyuma zina kipara cha katikati na za mbele hazina, usitafute mchawi. Soma kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva au kwenye nguzo yake, kisha pima asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi lenye joto husoma juu. Ukilipunguza likiwa bado la moto, kesho yake litakuwa chini ya kiwango. Na nunua geji yako mwenyewe, maana ile ya kibandani imeshaanguka chini mara nyingi.

Upepo ukiwa sawa, pitisha kiganja juu ya kashata, yaani meno ya tairi yanayogusa barabara, kutoka ukingo wa nje kwenda wa ndani, kisha urudishe. Taratibu, kunaweza kuwa na waya au msumari. Ikiwa kwenda ndani ni laini lakini kurudi nje unakwaruzwa na ncha kali, matairi ya mbele yamebana, yaani pua zake zinatazamana. Ikiwa ni laini ukielekea nje na kali ukielekea ndani, yameachana. Kosa hili ndilo linalomaliza tairi haraka kuliko yote, na hesabu yake ni rahisi: tairi la kipenyo cha sentimita 75 likipinda milimita 3 tu kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma, katika kila kilomita moja linaburuzwa kiubavu mita 4. Ndiyo maana tairi jipya linaweza kuisha ukingo mmoja huku dereva hajahisi chochote kwenye usukani.

Lakini hata ukikuta ncha kali, usikimbilie mashine. Weka jeki chini ya mkono wa chini wa mbele, weka na kigogo cha usalama, tairi liinuke kidogo. Lishike juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza kushoto na kulia, tazama tairodi endi, kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani. Likicheza juu na chini, huenda ni bolijointi (kiungo cha duara kinachoshika mkono wa tairi) na huenda ni beringi, na hapa ndipo mafundi wengi hubahatisha na kukuuzia vyote viwili. Mwambie mwenzako akanyage breki, wewe utikise tena. Mchezo ukitoweka, ni beringi. Ukibaki vile vile, ni bolijointi au bushi, yaani mpira wa kwenye mkono huo. Dakika chache tu, bila kifaa kingine zaidi ya jeki.

Tairi la mbele lililoliwa ukingo mmoja bila ncha kali, yaani limelala tu kama lililopigwa randa, limeinama: likiliwa ndani, juu yake imeingia; likiliwa nje, juu yake imetoka. Pikapu za zamani zenye toshoni ba (fimbo za chuma zinazojisokota badala ya springi) hushuka mbele kadiri vyuma vinavyochoka, na pembe ya tairi inabadilika nazo. Walionyanyua gari ili lionekane refu nao wamo humu.

Hata hivyo si kila ukingo wa nje ulioliwa ni ugonjwa. Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto kupitia Soni ni kona juu ya kona, na tairi za mbele hujisugua mabega ya nje hata gari likiwa zima kabisa. Mjini ni mizunguko: kwa kuwa tunaendesha kushoto, tunaizunguka kwa kulia, na uzito wote unalalia tairi la mbele kushoto. Kama mabega yote mawili ya nje yameliwa karibu sawa na hakuna kitu kinachocheza, dawa ni kupunguza mwendo kwenye kona na kuhamisha matairi mapema. Wengi huhamisha kila kilomita 10,000; kwa njia ya milimani mimi sisubiri hapo.

Nyuma ni habari nyingine. Pikapu nyingi zina ekseli moja ngumu juu ya springi, na hakuna bolti ya kurekebisha pembe. Jirani yangu sokoni anabeba mbao, tairi zake zote mbili za nyuma zikaliwa upande wa ndani, akauziwa alaimenti. Ya mbele! Tulichukua timazi ya fundi mwashi, gari likiwa kwenye sakafu tambarare, tukaining'iniza nje ya tairi na kupima kutoka kwenye uzi hadi rimu, juu na chini. Pande zote mbili juu kulikuwa na nafasi kubwa kuliko chini. Nyumba ya ekseli ilikuwa imepinda kwa mzigo. Hiyo hunyooshwa au hubadilishwa, hakuna mashine ya alaimenti itakayoigusa.

Usukani ukikaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, pima pia umbali kutoka bolti ya mbele ya springi hadi kwenye ekseli, kushoto na kulia. Vikitofautiana, huenda senta bolti, ile inayoishika springi mahali pake juu ya ekseli, imekatika na ekseli imesogea. Yubolti zilizolegea, zile za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, ndizo huanzisha.

Tairi lenye mabonde mabonde kuzunguka lote, linalovuma ukikimbia, tazama shokapu kama zinavuja mafuta, kisha balansi, yaani kama uzito wa tairi umegawanyika sawa kulizunguka. Mvumo huo watu huudhania beringi. Hamisha tairi, na sauti ikihama nalo, umepata jibu. Na ukitoka kwenye tope, toa foo wili, yaani mwendo wa kusukumwa na matairi yote manne. Hilux nyingi hazina difu ya katikati, ya kuruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti, kwa hiyo kwenye lami kavu matairi yanagombana kila kona.

Yote hayo yakiisha, sasa nenda alaimenti. Nenda na upepo sahihi na vitu unavyovibeba siku zote, kama sanduku la vifaa au keria ya chuma. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Tairi lililokwisha liwa upande halitarudi kuwa sawa, litaendelea kuvuma, kwa hiyo usilitumie kuhukumu kazi ya fundi. Kama bado lina uhai lipeleke nyuma. Baada ya kilomita kama elfu moja pitisha tena kiganja kwenye tairi za mbele. Ncha kali zikianza kurudi, rudi na karatasi yako kwa aliyepima.