Arosto ya sigara inaisha lini? Maswali yenu na majibu

Maswali mliyotuma ya kuacha sigara na arosto yake (yale mateso ya mwili na akili ukiikosa) ni mengi kwelikweli, na wengine mmeandika kwa aibu kama mnaungama dhambi, hakuna haja. Mimi nakaa kaunta ya duka la dawa, sio daktari, kwaiyo mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa au anayetumia dawa za akili aanze na daktari wake kwanza ndo arudi huku kusoma.

Niko Mbagala, naendesha boda, navuta pakti kwa siku. Kila nikiacha, siku ya pili nakuwa mkali mpaka abiria wananiogopa. Hii arosto inaishaga lini?

Kaka, shida yako ni kwamba unakata tamaa pale pale inapokuwa imefika kileleni. Siku ya 2 na ya 3 ndo mbaya kuliko zote. Ukivuta pafu moja nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 hivi, halafu kila baada ya kama masaa 2 nusu yake imeshatoka kwenye damu, ndo maana mtu wa pakti kila saa anapapasa mifuko anatafuta kiberiti. Ukikata ghafla ubongo unadai: hasira, kutotulia, usingizi wa kushtuka shtuka, njaa za ajabu, kichwa kizito. Ikipita hiyo siku ya 3 inaanza kushuka, na kwa watu wengi wiki ya 3 au ya 4 imebaki kidogo sana.

Sasa kuna kitu watu hawakiamini mpaka wakijaribu wenyewe. Ile kiu yenyewe, ile ya "naomba fegi sasa hivi nisije nikaua mtu", inakaa dakika 5, ikizidi sana 10, halafu inaondoka hata kama hujavuta. Mvutaji hajawahi kuiona ikiondoka yenyewe kwa sababu siku zote anaiwahi na kiberiti, kwaiyo anajua asipovuta itapanda tu mpaka apasuke. Haipasui mtu. Kwaiyo usijiambie unaacha maisha yote, we pambana na hizo dakika tu, zikirudi tena unapambana tena. Kwa kazi yako hatari sio barabarani, hatari ni kijiweni unasubiri abiria mikono haina kazi. Futa pikipiki, menya karanga, nenda kanywe maji duka la mbali sio lile la karibu, na mangi wako mwambie wazi asikuuzie hata moja, wala ya mkopo. Halafu panga ile siku ya 2 na ya 3 ziangukie siku ambazo hesabu ya bosi haikubani shingo.

Mchana kazini naweza kabisa, ila jioni kwenye kahawa na bao hapa Tanga nashindwa. Niache na kahawa?

Usiache, punguza. Na hapa kuna siri wengi hawaijui. Moshi wa sigara (moshi wenyewe, sio nikotini) unalifanya ini lichome kafeini haraka, kwaiyo mvutaji anakunywa vikombe vingi na haoni kitu. Akiacha kuvuta ini linarudi mwendo wake wa kawaida ndani ya siku chache, na vile vile vikombe vyake vinne vinampiga kama amekunywa karibu mara mbili. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usiku macho makavu, na yeye anasema "sigara imenishinda" wakati kilichomshinda ni kahawa. Kata nusu kuanzia siku ile ile unayoacha.

Kuhusu bao, sikwambii uhame kijiwe, mtu bila kijiwe chake anaumwa ugonjwa mwingine. Ila wiki mbili za mwanzo kaa upande ambao moshi hauji, ucheze, ukifungwa ondoka usibaki kutazama maana hapo ndo mkono unakuwa hauna kazi. Na tafuta mzee mmoja mwenye sauti umwambie umeacha, ili wale wa "utaweza wewe?" awajibu yeye.

Mume wangu ana siku ya nane hajavuta, nyumba haikaliki, anagomba na watoto, anagomba na TV. Nimefika mahali nataka nikamnunulie mwenyewe. Nitakosea?

Dada pole, lakini ndio, utakosea. Siku ya nane ameshavuka pabaya kuliko pote na pengine hata yeye hajui, mwambie. Usimsimamie kama askari, usimnuse nguo akirudi, na usimkumbushe kila saa kwamba ameacha, unamkumbusha sigara. Mpe chakula kwa wakati maana njaa na arosto zinafanana, akikasirika mwache atoke azunguke mtaa. Matusi na kupiga hiyo sio arosto tena, hilo ni jambo la wazee wa familia kukaa.

Naskia kuna bigijii na plasta za nikotini, si ni kuhama tu kutoka ulevi mmoja kwenda mwingine?

Swali zuri na ndo ninaloulizwa sana kaunta. Kinachokuweka mtumwa ni nikotini, lakini kinachokuua zaidi ni moshi, ile lami na kaboni monoksidi na uchafu mwingine unaochomeka. Plasta inakupa nikotini kidogo kidogo kupitia ngozi bila moshi, mwili unashushwa taratibu kwa wiki kama 8 mpaka 12. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 2009, sio uganga.

Bigijii wengi wanaharibu kwa kuitafuna kama bigijii ya mtoto. Ukifanya hivyo nikotini unaimeza, tumbo linachafuka, kwikwi, halafu unakuja kuniambia dawa feki. Tafuna polepole mpaka uonje kama pilipili, acha, ibane kati ya shavu na fizi, ukiona ule mwasho umepoa tafuna tena kidogo, hivyo hivyo kama nusu saa. Dakika 15 kabla yake na ikiwa mdomoni usinywe kahawa wala soda, zinazuia isiingie. Kama sigara yako ya kwanza unaivuta ndani ya nusu saa toka uamke, wewe ni wa miligramu 4, wengine 2 zinatosha. Plasta inabandikwa ngozi safi isiyo na nywele, kila siku sehemu nyingine, ikikuletea ndoto za vituko ibandue usiku. Na kutumia plasta pamoja na bigijii kunasaidia zaidi kuliko kimoja peke yake.

Bei zinauma na sio kila duka la dawa wanazo, hilo sikufichi, mara nyingi utazipata famasi kubwa za mjini. Usiponunua bado unaweza kuacha, watu wengi wameacha bila kitu.

Ramadhani nafunga mwezi mzima wala sisumbuki, futari ikiisha tu navuta tatu mfululizo. Kwanini mchana siumii?

Kwa sababu mchana mjadala umefungwa. Kuna utafiti wa 2010 uliofanywa Israeli kwa wahudumu wa ndege wavutaji, safari fupi na safari ndefu. Kiu ilikuwa inapanda wakikaribia kutua, na mwisho wa safari fupi ilikuwa sawa na mwisho wa safari ndefu ingawa ile ndefu walikaa bila sigara masaa mengi zaidi. Yani kiu inafuata saa unayojua utavuta, sio nikotini peke yake. Wewe adhana ya magharibi ndo kutua kwako. Kwaiyo funga na usiku: futuru, nenda tarawehe na watu wasiovuta, na ile ya kwanza baada ya futari ndo ya kuikataa maana ndo tamu kuliko zote, hata kizunguzungu inakupa. Ukishaishinda hiyo siku tatu nne umeanza kuacha kweli.

Nikihamia shisha au za menthol si afadhali?

Hapana. Menthol inapoza koo tu, moshi ni ule ule. Na shisha kikao cha saa moja unavuta moshi mara 100 mpaka 200 ya ule wa sigara moja, maji hayachuji sumu. Ugoro nao usinitajie, kansa ya mdomo haina mchezo.

Nina wiki mbili sijavuta, kikohozi ndo kimezidi. Sigara ilikuwa dawa?

Vile vinyweleo vya kusafisha njia ya hewa vilikuwa vimelemazwa na moshi, sasa vimezinduka vinatoa taka. Kunywa maji, kitapungua. Ila ukitoa damu, ukikonda, ukitoka jasho usiku, au kikipita wiki mbili bila kupungua, nenda kapime TB, kipimo na dawa ni bure, na wavutaji TB inawapenda.

Nitanenepa?

Mdogo wangu, kidogo pengine, kilo 4 au 5 kwa mwaka ndo wastani. Moyo wako unapata faida kubwa kuliko hizo kilo: baada ya mwaka mmoja ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo imepungua karibu nusu. Chips yai usiku ndo uache.

Nilikaa miezi mitano safi, Jumamosi kwenye harusi nikavuta moja, Jumapili nikanunua pakti. Nianze upya kuhesabu?

Hesabu achana nayo kabisa, miezi mitano haijafutika, mwili umeshajua kuishi bila. Mara nyingi ile moja ya harusini inaingia pamoja na pombe na rafiki wa zamani, kwaiyo harusi zijazo kaa meza ya wasiovuta na kinywaji cha pili kiwe maji. Kilichokuharibia zaidi ni ile Jumapili, ulipojiambia "si nimeshaharibu". Acha leo leo, usingoje tarehe moja. Na zilizobaki kwenye pakti zimwagie maji, usimpe jirani, usiku utaenda kumgongea mlango.