Bi. Salma Anajibu: Iceland ya Mwaka 2010

Shikamoo Bi. Salma. Toleo lililopita ulidokeza kwamba mwaka 2010 ulikuwa kazini Reykjavík, mji mkuu wa Iceland. Jambo pekee ninalolijua kuhusu Iceland ya mwaka ule ni volkano iliyofunga viwanja vya ndege vya Ulaya. Huko kwenyewe hali ilikuwaje? Mlifunikwa na majivu?
– Mwalimu wa jiografia

Marahaba, mwalimu. Siku zile za mwanzo mjini kwetu hakukuwa na majivu. Nilikuwa dobi wa hoteli, nafua na kupiga pasi mashuka, na jamaa yangu aliyekuwa London akanipigia simu kuniuliza kama bado napumua. Dirisha langu lilikuwa wazi! Upepo uliyachukua majivu kuyapeleka kusini-mashariki, kuelekea Ulaya bara, ndiyo maana uwanja wetu wa Keflavík uliendelea kufanya kazi wakati London na Amsterdam zimefungwa. Wageni wakawa hawafiki, na kikapu changu cha nguo chafu kikapungua.

Kwa vile unafundisha, nikupe kilichonivutia zaidi: milipuko ilikuwa miwili mfululizo. Wa kwanza ulianza usiku wa Machi 20, pale Fimmvörðuháls, njia ya juu kati ya barafuto mbili, yaani mabonge makubwa ya barafu ya milimani. Ule ulirusha lava nyekundu hewani, hauna makuu, na watu wakaenda kuutazama kwa magari makubwa, kwa helikopta, wengine kwa miguu. Ulipotulia, Aprili 14 ukalipuka mlima wenyewe, Eyjafjallajökull, safari hii chini ya barafu nene. Moto ulipokutana na maji ya barafu, mawe yaliyoyeyuka yalipasuka yakawa unga mkali kama vioo. Unga huo ndio uliotishia injini za ndege. Takriban safari 100,000 zilifutwa.

Walioumia ni wakulima walioko chini ya mlima. Mchana ukawa giza, malisho yakawa ya kijivu, kondoo na farasi wakaingizwa mabandani. Watu wapatao 800 walihamishwa, wakipewa habari kwa simu. Barafu iliyoyeyuka ilileta mafuriko, na mafundi wa barabara wakaikata kwa makusudi barabara kuu inayozunguka nchi ili maji yapate pa kupita na daraja la mto Markarfljót lisalimike. Likasalimika kweli. Uamuzi ule niliupenda sana: tuta la barabara hurudishwa kwa siku chache, daraja si hivyo.

Lakini mwalimu, ukimuuliza mwenyeji kuhusu 2010, wengi hawataanza na mlima. Wataanza na fedha. Aprili 12, siku mbili kabla ya mlipuko, tume iliyoundwa na bunge ilitoa ripoti yake kuhusu kuanguka kwa mabenki makubwa matatu mnamo Oktoba 2008. Majalada tisa, kurasa zaidi ya 2,000! Ilinunuliwa madukani kama riwaya, na waigizaji wa jumba la maonyesho la jiji wakawa wanaisoma kwa sauti jukwaani, mchana na usiku, wakipokezana. Nilipotoka zamu niliingia nikakaa nyuma. Kiiceland changu kilikuwa cha sabuni na mashuka, sikufuata mengi. Nilichokiona ni wazee kwa vijana wamekaa kimya kusikiliza tarakimu za mikopo. Kwa hiyo wakati dunia inatazama moshi, wao walikuwa wanasomewa jinsi walivyofilisiwa.

Bi. Salma, nimesikia kwamba watu wa huko walipiga kura wakakataa kulipa deni la taifa. Huo si wizi wa mchana? Mimi nikikopa benki naweza kuitisha kura nyumbani?
– Msomaji mwenye deni

Umenichekesha, ndugu yangu, ila deni lile halikukopwa na taifa. Benki binafsi ya Landsbanki ilifungua akaunti za intaneti, Icesave, ikawavutia waweka akiba wa Uingereza na Uholanzi kwa riba nono. Benki ikaanguka. Serikali za nchi hizo mbili zikawarudishia watu wao, kisha zikaiambia Iceland ilipe: karibu euro bilioni 3.9, na riba ya asilimia 5.5 juu yake. Nchi ina watu wasiozidi 320,000. Gawanya mwenyewe, ni kama euro 12,000 kwa kila kichwa, mtoto mchanga akiwemo. Na Uingereza ilikuwa imeshatumia sheria ya kupambana na ugaidi kuzuia mali za benki hiyo. Hilo liliwachoma wenyeji kuliko hesabu yenyewe.

Bunge lilipitisha sheria ya kulipa mwishoni mwa Desemba 2009. Watu takriban robo ya wapiga kura wote wakatia saini kumwomba Rais Ólafur Ragnar Grímsson asiikubali, naye Januari 5 akakataa kuisaini. Katiba yao inasema rais akikataa, wananchi ndio waamuzi. Machi 6 wakapiga kura: zaidi ya asilimia 90 walisema hapana. Kwangu mimi, hilo ndilo tukio kubwa la mwaka ule, si volkano. Mlima haumuulizi mtu.

Hata hivyo Waingereza na Waholanzi hawakudhulumiwa. Mali za benki iliyokufa ziliuzwa polepole, na kufikia mwanzoni mwa 2016 madai yao yalikuwa yamelipwa. Mahakama ya EFTA nayo, yaani ya jumuiya ya biashara huru ya Ulaya, Januari 2013 iliipa Iceland ushindi katika kesi ya deni hilo.

Sisi wageni tulilipia kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa 2008 euro moja ilikuwa kama krona 90, fedha ya Iceland. Mwanzoni mwa 2010 ilikaribia krona 180. Mshahara ni uleule, lakini unachotuma nyumbani ni nusu, na benki inataka hati ya mshahara kwanza kabla haijakubadilishia fedha.

Waliohusika na kuanguka kwa mabenki walifungwa? Na ni kweli mchekeshaji alikuwa meya?
– J.M.

La kwanza: Septemba 28, 2010, bunge lilimshtaki aliyekuwa Waziri Mkuu, Geir Haarde, kwa kura 33 dhidi ya 30. Ilibidi iitishwe mahakama maalumu ya mawaziri ambayo tangu iundwe 1905 haikuwahi kukaa. Mwaka 2012 ilimkuta na hatia kwenye kosa moja, adhabu hakupewa. Mabosi wa benki ndio walioonja jela: mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilithibitisha vifungo vya watu wanne, wakiwemo mkurugenzi na mwenyekiti wa Kaupthing, benki nyingine kati ya zile tatu, kati ya miaka minne na mitano na nusu.

La pili ni kweli. Jón Gnarr alianzisha chama akakiita Chama Bora, akaahidi taulo za bure kwenye mabwawa ya kuogelea na dubu wa barafuni kwa bustani ya wanyama. Mei 29 kikapata viti 6 kati ya 15 vya baraza la jiji la Reykjavík. Wakubwa walidhani mzaha utaishia kwenye kuhesabu kura. Aliungana na Samfylkingin, chama cha kisoshalisti cha kidemokrasia, akaongoza jiji mpaka 2014, akaondoka bila kugombea tena. Kwa maoni yangu aliongoza kwa umakini kuliko waliomcheka, ingawa ada zilipanda na shirika la nishati la jiji lililolemewa na madeni lilimnyima usingizi. Dubu hakuletwa.