Wingu la Uyole halipigi honi

Wadogo zangu mliopata PPL (leseni ya rubani binafsi) juzi juzi na sasa mnakodi ndege wikendi mje huku kwetu nyanda za juu, ngoja niwape hii maana mi darasani niliijibu vizuri tu kwenye mtihani alafu nikaja kuielewa nikiwa ndani ya wingu.

Watu wanafikiri wingu ni ukuta mweupe unauona mbele unaukwepa. Wapi. Nilikua natoka Iringa kwenda Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, mwezi wa 3, Cessna 172, peke yangu, nawahi sendofu ya binamu yangu (hiyo sendofu ndo ilikua rubani siku hiyo, sio mimi). Nikafata lami, Mafinga, Makambako, Igawa, juu ya mpunga wa Mbarali kweupe kabisa unahesabu malori. Kufika Igurusi naona mbele kama moshi moshi hivi, nikasema aah ukungu wa Mbeya huo tumeuzoea, nikashuka kidogo nipite chini yake.

Hapo ndo penyewe. Bonde la Usangu liko kama mita 1,000 na kitu, Mbeya mjini ni karibu 1,700, kulia una safu ya Loleza inagonga 2,656, kushoto Uporoto, na unyevu wa Ziwa Nyasa ukishapanda Rungwe unakuja kukaa palepale kwenye uwazi wa Uyole, mwanya wa kati ya milima unaoingilia Mbeya mjini. Sasa we unashuka, ardhi inapanda, wingu limetulia zake, unabanwa katikati kama nyama kwenye sambusa na bado unajiona unaendesha vizuri.

Na taarifa ya hali ya hewa nilikua nayo, nikaisoma kivivu. Mawingu futi 2,500 juu ya uwanja. Juu ya uwanja gani? Songwe! Songwe iko bondeni, zaidi ya futi elfu moja chini ya Uyole. Toa hapo uone Uyole imebakiwa na nini, alafu kumbuka sheria ya kuruka kwa kuona nje inataka futi 1,000 kati yako na wingu, mita 1,500 kwa pembeni na uone kilomita 5 mbele.

Barabara ikapotea. Nikaangalia kushoto, nyeupe, kulia, nyeupe. Mwili wangu ukaapa niko sawa kabisa, kile kisaa cha upeo, kinachoonyesha ndege imelalia wapi, kinasema bawa la kushoto limelala. Yale maji ya ndani ya sikio ukikaa kwenye kona sekunde kama 20 yanatulia, sikio linakwambia umenyooka kumbe bado unazunguka na unashuka. Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1954 walichukua marubani 20 ambao hawajafundishwa kuruka kwa kutazama vifaa tu, wakawazibia nje, wote 20 ndege iliwashinda, kwa wastani sekunde 178. Na msijidanganye ni ya wanaoanza tu, rubani wa helikopta ya Kobe Bryant mwaka 2020 alikua na maelfu ya masaa, akawaambia waongozaji anapanda, kumbe anashuka.

Nilichofanya ni kidogo. Sikugusa throto, ile gesi ya injini. Nikanyoosha mabawa kwanza kwa kile kisaa, nikagoma kusikiliza makalio yangu, nikasoma dira nyuzi 250, nikajiambia kwa sauti narudi nilikotoka, 070. Kona ya taratibu, nyuzi 3 kwa sekunde, yaani dakika moja nzima ya kugeuka, na ile dakika ni ndefu jamani, kila sekunde mkono unataka kuvuta zaidi. Macho upeo, altimita (kisaa cha kimo), dira, unarudi upeo. Redio niliishika baadae, na ukiishika sema wazi umeingia mawinguni unaomba msaada, hakuna atakaekucheka.

Ila kugeuka ndani sio mpango, ni kuokoteza. Siku hizi mpango wangu uko kwenye ramani kwa kalamu nyekundu kabla sijawasha injini: Igurusi. Nikifika Igurusi siuoni uwazi wa Uyole na vilele vya kulia, nageukia hapohapo Usangu bado iko wazi mgongoni, hata kama nimeahidi nini.

Siku ile nilirudi Iringa, mafuta yalitosha kwa sababu nilijaza ya kwenda na kurudi. Asubuhi nikapanda basi. Tunapita Uyole, jua linawaka hadi abiria wanafungua madirisha.