Wakuu wawili katika nyumba moja

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako wa simu nimeusoma mara tatu, kisha nikamtuma mjukuu anitafutie karatasi. Jibu lake si la kuandikwa kwa dole gumba.

Umeuliza hivi: siku ya arobaini ya mama yako, msemaji alisimama akasema marehemu aliletewa ualimu mkuu mara mbili, na mara mbili akaukataa "kwa unyenyekevu wake". Watu wakaitikia. Wewe ukaniona nimeinamisha kichwa. Sasa nawe umeletewa barua ya cheo, kituo kiko Songea, mumeo amenyamaza siku ya tano leo, na unataka kujua mama yako alikataa kwa nini hasa.

Mara ya kwanza nilimkatalia mimi.

Ilikuwa mapema 1978. Nilikuwa mkuu wa stesheni moja ndogo upande wa Uvinza, na mama yako akifundisha shule ya pale pale, nyuma ya reli. Wakati ule nchi ilikuwa na njaa ya walimu. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kusoma awe darasani, na watoto wakaja kweli. Mama yako, aliyezoea watoto arobaini na kitu, akajikuta na 120 kwa mikondo miwili, asubuhi na mchana. Vijana waliomaliza darasa la saba juzi wakafundwa haraka na kupewa chaki. Katika hali hiyo, mwalimu aliyekwishafundisha miaka kumi na minne alikuwa dhahabu. Wakamwandikia akawe mwalimu mkuu katika kijiji cha mwambao, kusini mwa Kigoma, mahali ambapo kufika ni kwa boti tu.

Alinisomea ile barua nikiwa nakula. Alikuwa amesimama, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo nikiwa mezani. Nami nikasema, huku natafuna, "Nyumba moja haiwezi kuwa na wakuu wawili."

Nilidhani nimesema jambo la kuchekesha. Hata yeye alitabasamu kidogo. Nikaongeza na mengine yenye sura ya hoja: watoto wanne, zamu zangu za usiku, Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikiendesha reli, imevunjika mwaka jana tu na sisi watu wa reli hatujui kesho yetu. Yote yalikuwa kweli, mwanangu, lakini hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu niliitaja kwanza kabisa, kwa mzaha.

Usiku ule akaketi kwenye taa ya chemni akaandika kwamba anashukuru kwa heshima aliyopewa, ila hataweza "kwa sababu za kifamilia". Akanipa nisome kama kuna kosa. Halikuwapo. Unaukumbuka mwandiko wake, kila herufi imekaa kwenye mstari wake kama abiria mwenye tiketi.

Baada ya hapo hakununa wala hakulitaja tena. Chai yangu ya zamu ya usiku ilikuja kwenye chupa kama kawaida. Watu wanaposema alikuwa mke mwema, mimi huikumbuka chupa ile, na huona haya.

Ila usije ukadhani alikaa akijililia. Alilishika darasa la kwanza kama mtu aliyepewa jimbo. Vitabu havikutosha, madaftari ndiyo kabisa. Baada ya Vita vya Kagera hata sabuni ilikuwa ya foleni. Basi watoto waliandika mchangani kwa kidole. Kuhesabu walihesabia kokwa za chikichi, na kila mtoto alikuwa na kifuko chake cha kokwa ishirini, ole wake atakayepunguza. Herufi aliziandika hewani akiwa amewapa mgongo, ili mkono wake na mikono yao ielekee upande mmoja. Mimi nilimwona kwa dirisha siku moja, watoto sitini wanaikata hewa pamoja, "ba, be, bi, bo, bu", nikadhani wanacheza ngoma. Mtoto wa mkono wa kushoto hakumlazimisha kuhamia wa kulia, ingawa walimu wenzake walimcheka.

Wengi wa watoto wale walitoka nyumba za Kiha, hawajui Kiswahili hata cha salamu. Yeye ni mtoto wa Ujiji, kazaliwa 1944 ndani ya Kiswahili. Hakusubiri wao wavuke. Alikwenda kwa mama zao mashambani, akajifunza Kiha kwa kuchekwa. Jioni mama zao nao wakaja kwenye darasa la watu wazima, watoto mgongoni. Bibi mmoja alikuwa akiuza mawese kwa mchuuzi aliyemwandikia madebe kwenye karatasi. Siku alipoweza kuisoma ile karatasi aligundua madebe saba yameandikwa matano. Hakugombana. Alimwendea mchuuzi na kalamu yake mwenyewe. Mama yako aliisimulia hadithi hiyo mpaka mwaka wake wa mwisho, na kila mara alicheka mahali pale pale, penye kalamu.



Mara ya pili ilikuwa 1991. Tulikwisharudi Ujiji, ninyi wakubwa mmeondoka. Shule yenyewe ilikuwa hapa hapa, hata baiskeli huhitaji. Nilifurahi hata nikachinja jogoo kabla sijamuuliza, nikidhani nalipa deni. Akapika vizuri, akapakua, kisha akasema hataki. "Mwalimu mkuu anakaa na daftari la stoo. Wangu wa la kwanza atawashika nani?" Nikabisha, nikamwambia safari hii mimi mwenyewe nataka aende. Akaninawisha mikono, akasema taratibu, "Ungeniambia hivyo nikiwa na miaka thelathini na minne."

Hilo ndilo jibu lako, nami nimelibeba miaka yote hii bila kumwambia mtu. Kweli alilipenda darasa la kwanza. Hata alipostaafu 2004 watoto wa mtaa waliendelea kuja na vijiti vyao chini ya mwembe wetu. (Wageni hupita hapa wakiulizia mwembe walipokutana wasafiri Livingstone na Stanley mwaka 1871. Wetu haujaandikwa popote.) Lakini aliyelipenda darasa hilo alikuwa pia amefungiwa mlango wa kutokea, na aliyeufunga ni mimi. Unyenyekevu haukuwamo. Mama yako alijijua thamani yake vizuri kuliko mkaguzi yeyote.

Kuhusu Songea, sitakuamulia. Mumeo nitampigia simu Ijumaa baada ya sala, nimsimulie hii ya wakuu wawili kama nilivyokusimulia, kisha nikate simu.

Jambo moja limebaki. Wiki mbili kabla hajaondoka, nimekaa kitandani kwake, nilimwomba radhi kwa ile barua ya 1978. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye dari, kisha akasema, "Nenda kaangalie kuku kama wameingia."

Nikaenda. Mmoja alikuwa bado juu ya ukuta. Niliporudi alikuwa amelala.

Wasalimu wajukuu.

Baba yako